MAUMIVU YA MAUNGO KWA MAMA ANAYEKARIBIA KUKOMA HEDHI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama, msafishaji wa mabehewa, mbele ya mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa kwa ombi la wenzetu waliokuwa zamuni siku hiyo.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, mama zangu, dada zangu, na ninyi ndugu wanaume mliokubali kubaki,

Kamati ya tawi imeniagiza niseme juu ya jambo ambalo sisi wanawake hulisema kwa kunong'ona tukibadili nguo za kazi, na ambalo wanaume hawalisemi kabisa. Nalo ni maumivu ya viungo na misuli yanayomjia mama wakati hedhi yake inapoelekea kukoma. Mimi ni mdogo kwa wengi mlio hapa, wala sijafika umri huo. Siwezi kumfundisha mama yangu habari za mwili wake mwenyewe. Lakini nilitumwa niulize kwa wauguzi na madaktari, nisome niliyopewa kusoma, kisha nilete habari. Na mjumbe hauawi.

Ndugu wanaume, tafadhali msitoke nje. Mwili ni wa mama, lakini barua ya onyo ni ya chama, na mama anayegeuka-geuka usiku kwa maumivu yuko nyumbani kwenu.

Nitasema mambo manne: kwanza, sababu ya mazungumzo haya; pili, mwili unafanya nini; tatu, matibabu yenye faida na yale yenye hatari; na mwisho, yatupasayo sisi kama chama.

SABABU YA MAZUNGUMZO HAYA

Mnajua kwamba mwaka huu wenzetu watatu wa kazi ya kusafisha mabehewa walipewa barua za onyo. Sitataji majina yao wala ofisi iliyoandika. Wote watatu wamepita miaka 45, na wote wamefanya kazi hii zaidi ya miaka kumi bila doa. Wa kwanza bega lake la kushoto limekaza hata mkono haufiki kwenye rafu ya mizigo. Wa pili vidole vyake havikunjiki asubuhi, na zamu huanza saa kumi na moja alfajiri. Wa tatu magoti humuuma apandapo behewa. Na behewa likiwa yadini halina jukwaa kando yake, kwa hiyo ngazi ya kwanza iko juu sana. Barua zote tatu zina neno moja: uzembe.

Hakuna hata mmoja aliyejibu. Kila mama aliona haya kumweleza mnyapara, kijana wa umri wa mwanawe, habari za mwezi wake. Akatia sahihi, akanyamaza. Basi karatasi ile imekaa katika faili, ikisema maneno ya upande mmoja tu. Siku ikija ya kupunguza watu, karatasi ile itasomwa, na mama hatakuwa na neno lililoandikwa la kujitetea.

Ndiyo maana kamati ikaona afadhali tulijue jambo hili vizuri. Mtu hawezi kutetea asichokijua.

MWILI UNAFANYA NINI

Mama huhesabiwa kuwa amekoma hedhi ikiwa imepita miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Kwa wanawake wengi duniani hutokea kati ya miaka 45 na 55. Lakini halitokei siku moja. Hutanguliwa na miaka kadhaa ambayo hedhi huruka, hurudi, hupungua, na mara nyingine huzidi. Miaka hiyo ndiyo huitwa kipindi cha mpito, na katika miaka hiyo ndipo wengi huanza kuumwa maungo.

Sababu kubwa ni homoni iitwayo estrojeni. Homoni ni kama tarishi: hutengenezwa mahali pamoja, ikapelekwa na damu kufanya kazi mahali pengine. Estrojeni hutengenezwa hasa katika ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke. Watu wengi hudhani kazi yake ni uzazi tu. Sivyo. Mifupa, misuli, gegedu linalofunika ncha za mifupa, na kano zinazofunga msuli kwenye mfupa, vyote hivyo huipokea estrojeni na kuitumia. Inapopungua, mifupa huanza kupoteza uimara wake upesi, misuli hupungua nguvu, na uvimbe wa ndani ya viungo huamka kwa urahisi zaidi.

Sisi watu wa reli twaweza kulielewa jambo hili. Reli haibebi gari moshi peke yake. Chini yake kuna mataruma, na chini ya mataruma kuna kokoto. Kokoto zikipungua, mzigo ule ule uliopita jana salama, leo unaipinda njia. Mama hakuongezewa mzigo, na wala hakuwa mvivu. Kilichopungua ni kokoto.

Tena kuna habari ya usingizi. Wengi katika kipindi hiki hupata joto la ghafla linalopanda kifuani na usoni, na usiku jasho huwaamsha. Asiyelala vizuri husikia maumivu zaidi, na mwenye maumivu halali. Mambo haya mawili husukumana.

Mwaka 2024 madaktari wa Marekani, mmoja wao akiwa daktari wa mifupa Vonda Wright, waliandika katika jarida la utabibu liitwalo Climacteric wakitaka maumivu haya yapewe jina lake na yahesabiwe kuwa jambo moja. Waliandika kwamba zaidi ya wanawake 70 katika kila 100 huyasikia katika mpito huo, na kwamba kiasi cha 25 katika 100 huzuiwa nayo wasiweze shughuli zao. Basi mama anayeumwa asidhani amerogwa, wala asidhani ni yeye peke yake.

SI KILA MAUMIVU YANATOKANA NA HEDHI

Hapa naomba msikilize sana, kwa sababu kuna hatari ya pande mbili. Kuna wasioamini kabisa kwamba hedhi yaweza kuleta maumivu ya maungo. Na kuna watakaotoka hapa wakisema kila kinachouma ni hedhi, wasiende kupimwa.

Viungo huuma kwa sababu nyingi. Kuna baridi yabisi, ambayo huvimbisha vifundo vidogo vya mikono yote miwili, na asubuhi mikono hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Huo ni ugonjwa wenye dawa zake maalum, na ukichelewa kutibiwa huharibu viungo moja kwa moja. Kuna kuchakaa kwa goti, ambako huja polepole kwa miaka. Kuna ugonjwa wa brusela, unaopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kushika wanyama wenye ugonjwa, nao huleta homa za kwenda na kurudi pamoja na maumivu ya mgongo na viungo. Kuna chikungunya, inayoletwa na mbu. Wenzetu wa Mombasa waliipata sana mwaka 2017 na 2018, na wengine viungo viliendelea kuwauma miezi mingi baada ya homa kwisha. Kuna pia maradhi ya tezi ya shingo, na kisukari, ambacho mara nyingi huandamana na bega lililokaza.

Kwa hiyo mama nenda zahanati au kituo cha afya upimwe damu, sukari, na shinikizo. Na usingoje hata siku moja ukiona haya:

1. Kiungo kimoja kimevimba, ni chekundu na cha moto, na una homa.
2. Unakonda bila sababu, au maumivu hayakuachi usiku hata ukilala vizuri.
3. Mgongo unauma pamoja na miguu kulegea, au huwezi kuzuia mkojo au choo.
4. Umeanguka kidogo tu na mfupa ukavunjika.
5. Damu imerudi baada ya kukoma mwaka mzima. Hii haihusu viungo, lakini naitaja kwa sababu wengi huifurahia wakidhani ujana umerudi. Yapasa kuchunguzwa upesi, kwa kuwa yaweza kuwa saratani ya mji wa mimba.

MATIBABU: LA KWANZA NI KUTIA NGUVU MISULI

Nilipowauliza wauguzi juu ya dawa, nilitazamia kutajiwa vidonge. Wote walianza na mazoezi. Mama mmoja wa genge letu aliposikia habari hizo akacheka, akasema, "Mimi nainua ndoo kutwa nzima, wanitaka nikafanye mazoezi gani tena?" Swali lake ni la haki, na jibu lake ni hili. Kazi hurudia mwendo ule ule, upande ule ule, bila kumngoja aliyechoka. Mazoezi hupimwa: huanza kidogo, huongezwa polepole, hugusa pande zote za mwili, na yana siku za kupumzika. Kazi huutumia msuli. Mazoezi huujenga.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilisema mtu mzima atembee au ajishughulishe kwa wastani dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, na pamoja na hayo afanye mazoezi ya kutia nguvu misuli siku 2 au zaidi. Hayahitaji fedha. Haya manne yanatosha kuanzia:

La kwanza: keti katika kiti imara, simama bila kushika kitu, keti tena polepole. Mara 8 mpaka 10. Pumzika, kisha rudia. Haya ni ya mapaja na magoti.

La pili: simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, jisogeze karibu na ukuta kisha jisukume nyuma. Mara 8 mpaka 10. Haya ni ya mabega na kifua.

La tatu: shika ukingo wa meza, inuka kwa ncha za vidole vya miguu, shuka polepole. Haya ni ya ndama za miguu, nayo humzuia mtu kuanguka.

La nne: chukua chupa ya maji ya nusu lita katika kila mkono, uinue mpaka begani na kuishusha. Ikiwa nyepesi, tumia ya lita 1, baadaye ya lita 2. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo maji ni mizani yako, huna haja ya kununua vyuma.

Kipimo ni hiki: maumivu kidogo yanayotulia kufikia kesho yake hayana neno. Yakizidi usiku, au kiungo kikivimba, punguza lakini usiache kabisa. Na mtu asitazamie faida kwa wiki moja. Msuli hujengwa kwa miezi.

Mwenye bega lililokaza ana mazoezi yake. Ainame akishika meza kwa mkono mzima, mkono mgonjwa uning'inie na kuzungushwa taratibu. Kisha vidole vipande ukutani kidogo kidogo mpaka pale anapoweza. Bega la namna hii huwapata hasa watu wa miaka 40 mpaka 60, wanawake kuliko wanaume, na laweza kuchukua mwaka mmoja mpaka mitatu kufunguka. Likiwa bado jipya, daktari aweza kulichoma sindano ndani ya kiungo chenyewe ili kupunguza maumivu. Msilivute kwa nguvu, wala msimwite mtu wa kulinyoosha kwa kishindo.

JOTO, UZITO NA CHAKULA

Kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto, au chupa ya maji moto iliyofungwa kanga, kikiwekwa dakika 15 au 20 hulegeza misuli. Kisiwe cha kuunguza. Kwa mwenye vidole vinavyokakamaa, maji ya vuguvugu katika beseni kabla ya kuondoka nyumbani humsaidia kuanza zamu.

Kuhusu uzito, wengi hunenepa katika miaka hii. Sisemi haya kumchekesha mtu. Uchunguzi wa watu wenye magoti mabovu ulionyesha kwamba kila kilo 1 mtu anayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Hesabuni hatua za zamu moja, mtaona faida ya kupunguza hata kilo 3.

Msuli haujengwi kwa ugali na chai tu. Unataka vyakula vya kujenga mwili: maharagwe, ndengu, mayai, maziwa, samaki, nyama. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 15 hivi za protini. Yai moja lina gramu 6. Mama wa kilo 70 anahitaji kiasi cha gramu 70 kwa siku au zaidi kidogo, kwa hiyo chakula hicho kiwepo asubuhi, mchana na jioni, si Jumapili peke yake.

Mifupa inataka madini ya kalsiamu. Mama aliyepita miaka 50 hushauriwa apate miligramu 1,200 hivi kwa siku. Glasi ya robo lita ya maziwa ina 300 hivi. Omena waliwao na mifupa yao, uji wa wimbi, na mboga za majani huongeza. Jua la mchana, tunalolipata bila kulipa, huusaidia mwili kutengeneza vitamini D ya kuingiza kalsiamu mifupani. Lakini sisi tunaoingia behewani alfajiri na kutoka jioni, na walinzi wa usiku, jua hilo hatulioni sana. Yafaa tutoke nje wakati wa mapumziko.

VIDONGE VYA MAUMIVU

Sasa nafika kwenye jambo linaloniogopesha. Wengi wetu tunaishi kwa vidonge vya dukani. Kila asubuhi viwili, kila jioni viwili, miezi sita, mwaka.

Parasetamoli ni salama kuliko vingine kwa mtu mzima mwenye ini zima, lakini ina kikomo. Vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mara moja, saa 6 zipite, na visizidi 8 katika saa 24. Angalieni kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na ukizichanganya unapita kikomo bila kujua. Wanywaji wa pombe na wenye mwili mdogo sana wawaulize wauguzi kwanza.

Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza uvimbe, kwa hiyo mtu huziona zina nguvu. Lakini zaweza kutoboa tumbo, kudhuru figo, kupandisha shinikizo la damu na kuudhuru moyo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shinikizo, mwenye ugonjwa wa figo au moyo asizinywe bila daktari. Mwingine azitumie baada ya chakula, kwa kipimo kidogo, kwa siku chache. Usinywe zote mbili pamoja. Ni jamaa moja. Kwa magoti na vidole, ile diklofenaki ya kupaka ni bora kuanza nayo, kwa sababu kidogo tu huingia katika damu.

Sindano ya maumivu kila wiki si matibabu. Na zaidi ya yote, jihadharini na dawa za viungo zisizo na jina, zinazouzwa katika karatasi au chupa tupu sokoni na stendi. Baadhi ya dawa za namna hii, zilipopimwa katika nchi mbalimbali, zilionekana zimechanganywa na steroidi kwa siri. Mama husema, "Nimepona kwa siku mbili!" Baada ya miezi uso unavimba, sukari inapanda, mifupa ile ile tuliyotaka kuiponya inadhoofika. Na aliyezitumia muda mrefu asiache ghafla, bali aende hospitali aseme kweli, maana kuacha ghafla nako kuna hatari.

MATIBABU YA HOMONI

Watu wameniuliza: kama kilichopungua ni estrojeni, kwa nini isirudishwe? Hurudishwa. Iko ya vidonge, ya kubandika kwenye ngozi, na ya kupaka. Hutolewa hasa kwa ajili ya joto la ghafla na jasho la usiku linalomshinda mama, na tena hulinda mifupa. Wengine maungo yao hutulia pia.

Lakini niwaambie kweli ilivyo. Huko Marekani ulifanywa uchunguzi mkubwa wa wanawake zaidi ya 27,000. Mwaka 2002 sehemu moja yake, ya waliopewa estrojeni pamoja na homoni ya pili, ilisimamishwa kwa sababu saratani ya matiti na magonjwa ya moyo yaliongezeka kidogo. Wanawake wengi duniani waliogopa wakaacha. Baadaye madaktari waligundua kwamba waliochunguzwa walikuwa wa umri wa miaka 63 kwa wastani, wengi wao wakiwa wameshakoma hedhi zamani. Siku hizi hushauriwa kwamba, kwa mama mwenye afya ambaye hajafika miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu kukoma, faida mara nyingi huwa kubwa kuliko hatari.

Na kwa viungo faida ni ya kiasi. Katika uchunguzi huo huo, habari iliyotolewa mwaka 2013 ilisema kwamba baada ya mwaka mmoja, wanawake 76 katika 100 waliokunywa estrojeni peke yake walikuwa bado wanaumwa viungo, na 79 katika 100 waliokunywa kidonge kisicho na dawa. Tofauti ipo, lakini ni ndogo. Kwa hiyo homoni haiondoi haja ya mazoezi.

Tena si ya kununua ovyo. Mama mwenye mji wa mimba lazima apewe estrojeni pamoja na homoni ya kuulinda, la sivyo yaweza kuleta saratani humo. Aliyepata saratani ya matiti, damu kuganda katika mishipa, kiharusi, ugonjwa wa moyo au wa ini, au anayetoka damu isiyojulikana sababu yake, kwa kawaida hapewi. Si kila zahanati inayo dawa hii. Lakini kuuliza ni haki yako, na mganga akikujibu "ni uzee tu, vumilia," muulize mwingine.

YANAYOTUPASA SISI KAMA CHAMA

Ndugu Mwenyekiti, tukiishia kwenye dawa tutakuwa tumemrudisha mama kwenye behewa lile lile, ndoo ile ile, na barua ile ile. Basi na tuzitazame sheria.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi aliyemaliza miezi 2 mfululizo kazini ana haki, katika kila miezi 12, ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara, akiwa na cheti cha daktari. Mama asiyekwenda kwa daktari hana cheti, na siku yake ya maumivu huandikwa utoro. Sheria hiyo inataja likizo ya uzazi kwa jina lake. Mpito wa hedhi haikuutaja. Basi tusingoje neno hilo, tutumie neno lililomo: ugonjwa.

Sheria hiyo hiyo yasema kwamba kabla ya mwajiri kumwondoa mtu kwa kosa, kwa kazi duni, au kwa kutoweza kimwili, lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama mahali hapo. Mama zangu, msitie sahihi mkiwa peke yenu.

Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yataka wanaofanya kazi wamesimama wawekewe mahali pa kuketi wapatapo nafasi. Nani kati yetu ameliona benchi hilo yadini?

Hata huko Uingereza, shirika la viwango lilitoa mwongozo mwaka 2023 wa kuwaonyesha waajiri namna ya kuwasaidia wafanya kazi katika hedhi na kukoma kwake. Tusiambiwe kwamba tunaomba jambo la ajabu.

Tena, tangu Oktoba 2024 tunakatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 za mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Fedha zimekwisha kutoka mfukoni. Basi tujiandikishe na tuzitumie.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano mambo haya, nikiomba yapigiwe kura:

1. Wenzetu watatu waende kwa daktari, kisha barua zao zijibiwe kwa maandishi kwa mkono wa Katibu, pamoja na cheti, na nakala itiwe katika faili.

2. Tawi lidai fagio na mopu za mpini mrefu, ndoo za magurudumu, kibao cha kupandia mabehewa yaliyo yadini, na benchi.

3. Kazi zigawanywe kwa zamu: aliyesafisha rafu za juu leo, kesho asafishe viti. Hili halimgharimu mwajiri hata senti moja.

4. Achaguliwe mjumbe wa kike ambaye mama aweza kumweleza shida yake bila haya, naye aipeleke kwa Katibu bila kutaja yasiyohitajika.

5. Kila Jumanne na Ijumaa, robo saa kabla ya zamu, wanaotaka wakutane kwa mazoezi yale manne. Mimi nitakuwapo.

Ndugu wanaume, kwenu nina neno moja. Mama wa nyumbani akisema mwili unamuuma, usimwambie amezeeka. Mchotee maji yeye akiwa amepumzika, na siku ya kliniki mpe nauli bila kuulizwa mara mbili. Na ninyi mlio wanyapara hapa, kabla ya kuandika neno "uzembe", ulizeni kwanza. Kuuliza huchukua dakika moja, na barua huchukua riziki ya mtu.

Nimemaliza, Ndugu Mwenyekiti. Mwenye swali la hadharani aulize sasa, na mwenye swali la faragha anione nje, karibu na pampu ya maji.